Mita ya Nyumba ya Mbele

Katika kusimulia mambo ya nyumba za watu, mimi siongezi chumvi hata punje. Walionizoea wanasema ninaongeza pilipili, na hilo siwezi kulibishia. Lakini haya ya Bi Fagio nitayaeleza kama yalivyokuwa, maana hayahitaji kiungo chochote. Yalikuwa machungu tangu yangali mabichi.

Bi Fagio hakuitwa hivyo kwa kejeli. Kila asubuhi, kabla muuza maziwa hajapita, alikuwa amekwisha kufagia ua mzima, kuanzia kibaraza cha nyumba yake ya mbele hadi mlango wa nyumba ya nyuma, walikoishi mwanawe na mkewe. Nyumba zote mbili zilikuwa ndani ya ukuta mmoja. Ile ya nyuma ilibanwa kati ya ghala la watu na tangi la maji la zege, na simu ndani yake ilikuwa ya kubahatisha. Ukitaka kusikilizana na mtu sharti utoke, usimame karibu na kamba ya nguo, upige kelele kama unanadi samaki.

Mwanawe alikuwa karani wa ghala la mbolea, na siku hizo ghala lilikuwa likimhitaji kwa kusuasua. Aliyeipa nyumba chakula alikuwa mkewe, Mama Vifaranga. Alikuwa na mashine ya kutotolesha iliyojaa chumba cha pili kutoka ukuta hadi ukuta, na nusu ya wanawake wa mtaa walimletea mayai yao. Mayai ya kila mtu aliyaandika herufi kwa penseli, akayageuza mchana na jioni kama mtu anayegeuza watoto waliolala vibaya. Vifaranga vikianguliwa, wenyewe walichukua vyao, na yeye alibaki na fungu lake. Fungu hilo ndilo lililonunua unga, sabuni na dawa ya presha ya Bi Fagio. Bi Fagio alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana hakupenda kukumbushwa.

Mambo yaliharibika lilipokuja suala la mita. Shirika la umeme lilipita nyumba kwa nyumba likaondoa mita za zamani na kufunga mpya, ambazo hazina vitufe vya kubonyeza wala hazimsubiri msomaji aje na tochi. Zenyewe zinapeleka habari ofisini kwa mawimbi, na ofisi inazijibu kwa njia hiyohiyo. Ukilipa kwa simu, umeme unaingia bila wewe kunyanyuka. Karani alifurahi kuliko wote. Aliziandikisha mita zote mbili kwenye simu yake, ya mbele na ya nyuma, na akaiwekea ile ya mbele kipimo. Mama akizidisha, meseji inakuja.

Nayo ilikuja.

"Mama," Karani alisema jioni moja, amesimama kibarazani na simu mkononi, mkewe nyuma yake na beseni la nguo. "Leo alasiri uliwasha nini?"

"Redio."

"Redio inakula umeme wote huu?"

"Walikuwa wanatangaza vifo. Vilikuwa vingi."

Mama Vifaranga akainamia beseni lake ghafla, mabega yakimtikisika. Karani hakucheka.

"Mama, hii ni redio inayopika. Una jiko la umeme humo ndani. Nakuomba. Mashine kule nyuma inatafuna kila ninachopata. Mkaa upo, jiko la mkaa lipo. Tusaidiane."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma. Bi Fagio aliwahi kumpiga mwanaume huyu kwa mwiko kwa kuonja mchuzi kabla ya wageni, na sasa anaulizwa na yeye alichowasha alasiri. Aliingia chumbani, akatoka na jiko la umeme la waya, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi urithi. Lilikuwa limeharibika tangu mvua za mwaka uliopita. Lile zima lilibaki uvunguni.

Msimwone mchoyo wala mkaidi. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kuchuchumaa mbele ya jiko la mkaa, kupuliza, kuinuka na sufuria, ilikuwa kazi ya kumtoa machozi, na si ya moshi. Kila alasiri, mtaa ukiwa umetulia, alichemsha maji juu ya jiko la umeme lililowekwa kwenye kigoda, akachovya kitambaa, akayakanda magoti hadi yakubali tena kuitwa magoti. Kumwambia mwanawe hakutaka. Angesema magoti leo, kesho fagio angepewa mtu mwingine, na keshokutwa wangeanza kuzungumza habari ya kumpeleka akakae kwa binti yake.

Tiba ya mita aliigundua mwenyewe. Simu yake ndogo alizoea kuiweka ndani ya debe la biskuti, pamoja na sindano, vifungo na miwani iliyovunjika mguu mmoja. Binti yake alikuwa akimlalamikia kila mara: "Mama, kila nikikupigia hupatikani!" Bi Fagio akalitazama debe lile, akaitazama mita ukutani kibarazani, akapima kwa jicho kama fundi cherehani. Alimwaga vifungo, akaivisha mita debe, nalo likaenea kama kofia ya sikukuu. Akalifunga kwa kamba kwenye msumari, akaziba mianya kwa karatasi ya fedha ya sigara, akatundika gunia juu yake, na juu ya gunia akaegesha fagio. Taa yake iliwaka kama kawaida. Meseji zikakoma.

"Unaona?" Karani alimwambia mkewe baada ya wiki kadhaa, kwa sauti ya kusikika uani. "Tangu nimwombe mama, hata meseji moja haijaja. Mtu mzima akielewa, ameelewa. Ni mfano wa kuigwa."

Bi Fagio alifagia pale pale alipokwisha kufagia.

*

Taa za nyumba ya nyuma zilizimika magharibi, siku ambayo mayai yalikuwa yameanza kulia. Mayai yanayokaribia kuanguliwa hulia. Ukiweka sikio unasikia vifaranga wakigombana humo ndani. Mama Vifaranga alikuwa amewaita wenye mayai waje kesho yake na maboksi yao.

Mwezi uliopita walilipia nyumba zote mbili uniti nyingi kwa mkupuo, na za nyuma zilikuwa zimekwisha. Mama Vifaranga alitoka mbio hadi kwenye kamba ya nguo, akalipa kwa simu, akarudi kusubiri. Siku nyingine umeme ulirudi kabla hujasuuza kikombe. Safari hii alisuuza vikombe vyote, akavipanga, giza likaingia, na mashine ikabaki kimya.

"Mbona uliacha ziishe?" Karani alikuwa na tochi mkononi, akimmulika usoni bila kukusudia.

"Huwa inaleta meseji ya kuonya, baba. Uniti zikibaki chache inaonya. Safari hii haikuonya."

"Mashine ina vifaranga vya mtaa mzima, wewe unasubiri kuonywa!"

"Angalia basi simu yako. Hata kwako haikuja."

"Usinirudishie mimi."

Bi Fagio alikuwa amesimama mlangoni. Ilikuwa nafasi nzuri ya kunyamaza. Badala yake alisema, "Vijana wa siku hizi. Simu mkononi, akili sijui wanaiacha wapi." Alisema kwa mazoea tu, kama mtu anayekohoa. Lakini aliuona uso wa mkwewe kwenye mwanga wa tochi, na akatamani angekohoa kweli.

Waliivika mashine mablanketi, makoti na zulia. Mama Vifaranga alikuja kibarazani na chupa za plastiki kifuani.

"Hodi, mama. Mkaa wetu umelowa. Una maji ya moto?"

Bi Fagio alikuwa nayo, yametokota muda si mrefu, sufuria nzima juu ya kigoda nyuma ya mlango. "Ninayo, mwanangu. Nimeyachemsha hapo kwenye mkaa." Akaashiria kwa kidevu jiko lake la mkaa kwenye kona ya kibaraza, jiko pana la bati la enzi zile alipokuwa akipikia shughuli za watu, limefunikwa sinia.

Mama Vifaranga alilitazama jiko. Halikuwa na moto, halikuwa na moshi, na chini ya sinia ulikuwa umechungulia mkia wa paka wa nyumba, ambaye mwezi ule alikuwa amenenepa kwa namna ya kushangaza kisha akakonda kwa namna ya kueleweka. Alilitazama, akamtazama mama mkwe, akapokea maji.

"Asante, mama. Mungu akupe nguvu ya magoti."

Alirudi tena mara mbili, na mara zote hakutupa jicho kule kwenye jiko. Bi Fagio alichemsha maji hadi alfajiri. Hakuna aliyelala katika ua ule.

*

Asubuhi Karani aliitwa ghalani, na siku ya kuitwa ndiyo ya kwenda. Usipokwenda, anaitwa mwingine. Kwa hiyo waliokwenda ofisi ya umeme ni wanawake wawili. Mama Vifaranga alimwomba mama mkwe amsindikize. "Ukiwa na mtu mzima wanakusikiliza," alisema.

Hawakusikilizwa. Foleni ilitoka nje ya mlango, ikapinda kwenye mtaro, na mlinzi alikuwa akiirekebisha kwa fimbo kama anapanga mbuzi. Bi Fagio alisimama kwa mguu mmoja baada ya mwingine. Kulikuwa na benchi moja, na juu yake mlinzi alikuwa ameweka kofia yake.

"Mwanangu, naomba nikae," alimwambia.

"Hiyo ni ya wafanyakazi, bibi."

"Na kofia nayo imeajiriwa?"

Watu wakacheka. Mlinzi hakuiondoa kofia.

Walipofika dirishani, msichana wa mapokezi hakuinua macho. "Namba ya mita."

Mama Vifaranga aliisoma. Akaeleza habari ya mashine, mayai, na watu watakaokuja na maboksi. Msichana alikuwa akibonyeza.

"Malipo yameingia. Tumeituma. Mita yenu haijapokea."

"Kwa nini haijapokea?"

"Haipatikani."

"Dada yangu, ipo ukutani. Nimeiacha pale sasa hivi."

Hapo msichana aliinua macho, na Bi Fagio akaona kwamba hakuwa mkorofi, alikuwa amechoka tu. "Mama, sikiliza. Hizi mita zinapokezana. Sisi tunatuma mpaka kwenye sanduku lile la kwenye nguzo ya njia panda. Sanduku linaipa nyumba ya karibu, nyumba hiyo inaipa inayofuata. Yenu iko ndani sana, ukuta huku, tangi kule. Haiwezi kulisikia sanduku yenyewe. Inategemea ya mbele yake iipe." Akageuza kioo cha kompyuta kidogo. Mtaa wao ulikuwa pale, vidoti vya kijani kama shanga. Mwisho wa shanga vilikuwa viwili vya kijivu. "Hii ni yenu. Na hii ya mbele yake haijatuma kitu tangu mwezi uliopita. Ujumbe wenu unafika hapo, unakwama. Hata yenu ikitaka kuonya, haina pa kupitia. Nyumba ya mbele ni ya nani?"

Mama Vifaranga alisogea pembeni kidogo ili mama mkwe aonekane.

Bi Fagio alisogea kwenye kioo. Alikiona kidoti kile cha kijivu, akaliona debe lake na picha ya biskuti iliyochubuka ubavuni, na nyuma ya debe akayaona mayai yenye herufi za penseli.

"Bibi, mita yako ina tatizo gani?"

"Mimi na umeme wapi na wapi, mwanangu," alisema. "Nina taa moja. Labda nayo imezeeka."

Waliokuwa nyuma wakacheka tena. Msichana pia alitabasamu, akaandika. "Fundi atakuja kesho kuitazama ya mbele."

"Kesho?" Mama Vifaranga alishika ukingo wa dirisha. "Kesho watakuwa wamekufa."

"Anayefuata," msichana alisema, na safari hii aliinamisha macho kwa kusudi.

*

Njia ya kurudi ilikuwa ya kupanda. Bi Fagio hajawahi kutembea upesi vile tangu alipozaa mtoto wa mwisho. Mkwewe alimsihi apumzike, yeye akasema hapana. Magoti yalikuwa yakisaga kama mawe, na aliyaacha yasage. Laiti angesema palepale njiani, "Mwanangu, tangulia, kimbia, kaling'oe lile debe," miguu ya kijana ingefika mapema zaidi. Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni njia nzima. Alipofika langoni alikuwa bado anayo, na mkwewe akampita mbio kwenda kwenye mashine.

Kibarazani kwake walikuwa wamekaa wanawake na maboksi yao, mwuza mitumba akiwa mbele, mgongo wake umeegemea gunia lenyewe.

"Shikamoo, Bi Fagio. Tumeambiwa vifaranga leo."

"Marahaba. Nendeni nyuma huko mkamwone mwenyewe."

"Tumekwenda. Kuna giza. Tukasema tupunge upepo hapa."

"Ondokeni nifagie!"

"Kwani pamechafuka?"

"Pamechafuka nyie! Inukeni!"

Waliinuka wakitazamana. Mwuza mitumba akanong'ona kwamba uzee nao ni ugonjwa. Walipogeuka, Bi Fagio alipitisha mkono chini ya gunia, akakata kamba kwa meno, akalivua debe na kulificha ndani ya nguo, likamwachia tumbo la mimba ya miezi minane. Akaingia nalo ndani, akalisukuma uvunguni kando ya jiko.

Haukupita muda kukasikika kelele kutoka nyuma. "Umerudi! Umeme umerudi!" Wanawake walipiga makofi, wakakimbia na maboksi yao.

Bi Fagio alikwenda nyuma taratibu. Taa ya mashine ilikuwa inawaka nyekundu, feni yake inavuma. Mama Vifaranga alikuwa ametoa mablanketi yote na amechukua yai moja, ameliweka sikioni. Alilirudisha, akachukua jingine. Wanawake waliacha kupiga makofi. Akachukua la tatu, la nne. Yai moja lilikuwa limetobolewa kwa ndani, na kwenye tundu ulionekana mdomo mdogo wa manjano, umefunguka, umekauka. Akaligusa kwa ncha ya kidole, kisha akalitazama limeandikwa herufi ya nani.

"Lako," alimwambia mwuza mitumba.

Mwuza mitumba hakulipokea. "Mwenzangu, mimi nilikuletea mayai mazima. Nilidhani una mashine, kumbe una jokofu."

Hakuna aliyecheka. Waliondoka mmoja mmoja na maboksi matupu, na mmoja alisema langoni, bila kujali kama anasikika, kwamba kule mtaa wa pili kuna mtu mwenye jenereta. Mama Vifaranga aliwasindikiza hadi nje, akiomba radhi kwa kila mmoja. Radhi ambayo haikuwa yake.

*

Jua lilikuwa linashuka Mama Vifaranga alipokuwa akichimba shimo nyuma ya tangi. Bi Fagio alimshikia ndoo. Ndoo ilikuwa nzito kwa namna isiyofanana na mayai.

"Mama, kapumzike. Umetembea sana leo."

"Siwezi kupumzika na wewe unachimba."

"Si kosa lako kwamba mita yako ni mbovu."

Bi Fagio aliitazama ndoo. "Mwanangu," alianza.

Ndipo Karani alipoingia langoni. Kabla ya kumwona walimsikia, maana simu ilikuwa ikilia mfukoni mwake mfululizo, kama mtu mwenye kwikwi. Mita ya mbele, baada ya kuvuliwa kofia, ilikuwa ikimwaga yote iliyoyaweka moyoni mwezi mzima.

Alikuja hadi kwenye shimo. Aliiona ndoo, akaelewa, uso ukamwanguka. Simu ikalia tena. Aliisoma, akasogeza kidole, akasoma nyingine. Mwuza mitumba alikuwa amerudi kudai trei yake, akasimama kando ya kamba ya nguo, shingo imerefuka.

"Mama," Karani alisema. Hakupandisha sauti. "Hizi ni za nyumba yako. Kila alasiri. Kila alasiri, mama. Na jana usiku kucha. Zinaingia tangu mchana huu, mfululizo. Zilikuwa wapi?"

"Nitajuaje mimi? Mita mbovu, hata ofisini wamesema. Inasema ovyo."

"Ulikuwa unapikia umeme?"

"Jiko si nilikupa? Kwa mikono yangu hii?" Maneno yalikuja yenyewe, mepesi, kama yaliyosubiri kwenye foleni. Alimwona mwuza mitumba anasikiliza, akanyoosha mgongo. "Mimi napikia mkaa. Tangu siku ile ulipozungumza, mkaa mtupu, asubuhi na jioni, na magoti yangu haya. Kama huniamini mama yako, muulize mkeo. Jana si nilimpa maji ya moto? Yalitoka wapi? Si kwenye jiko lile pale? Mwambie, mwanangu. Mwambie mumeo."

Karani akamgeukia mkewe. Mama Vifaranga aliliweka jembe chini. Alijifuta mikono kwenye nguo, polepole, kidole kwa kidole, akamtazama mama mkwe kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri aongezewe neno moja.

Akatembea hadi kibarazani. Akainama kwenye kona, akainua sinia.

Paka alimfokea. Kwenye jiko, juu ya kitambaa cha zamani cha kukandia magoti, walikuwa wamelala paka wadogo wanne. Mmoja aliinua kichwa, akatazama watu waliokusanyika, mmoja baada ya mwingine, kwa macho ya buluu yaliyokwisha kufunguka siku nyingi.

"Mama," alisema Mama Vifaranga, "mkaa wako unatutazama."